Mizani ya Mtoto na Hesabu ya Mwajiri

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika miji ya viwanda ya Uingereza, bibi afya mwenye mkoba mkononi alibisha hodi kila nyumba iliyopata mtoto na kumhimiza mama anyonyeshe, asikimbilie chupa. Miaka michache baadaye, katika Kongo ya Wabelgiji, madaktari, masista na wake wa maofisa waliwahimiza akina mama wa Kiafrika wafanye karibu kinyume chake: wawaachishe watoto ziwa mapema, wawazoeshe maziwa ya ng'ombe na uji, wasingoje miaka miwili au mitatu kama walivyorithi kwa mama zao. Pande zote mbili zilisema kwa jina la sayansi, na pande zote mbili zilikuwa na mizani ya kupimia watoto. Utumbo wa mtoto wa Manchester haukuwa tofauti na wa mtoto wa Katanga, kwa hiyo maelezo ya ushauri huo uliogongana hayawezi kutoka kwenye utabibu peke yake. Yanatoka kwa yule aliyelipia mizani na kwa swali alilotaka ijibu. Hilo ndilo ninalotaka kulionyesha hapa, na ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita ni mahali pazuri pa kulipimia, kwa sababu kwa miaka mingi mizani hiyo haikuletwa huku, na sababu za kutoletwa zinafundisha kama zile za kuletwa kwingine.

Uingereza haikuanza na serikali. Mwaka 1862 chama cha wanawake wa Manchester na Salford kilianza kupeleka watu kwenye nyumba za maskini na sabuni, dawa ya kuua vijidudu na mawaidha, na mwaka 1892 Florence Nightingale alisaidia kuanzisha mafunzo ya wanawake wa kuzungukia vijiji vya Buckinghamshire. Kwa takriban miaka 40 kazi hiyo ilibaki sadaka kwa sehemu kubwa. Kilichoigeuza kuwa jambo la dola ni vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Mwaka 1899, kwa takwimu zilizosambaa sana wakati ule, wanaume 11,000 walijitokeza Manchester kuandikishwa jeshini, na 8,000 wakakataliwa kwa udhaifu wa mwili. Dola iliyotawala robo ya dunia iligundua kwamba haina vifua vya kutosha vya kuvalishwa sare. Kamati ya serikali ikaundwa kuchunguza kuzorota kwa miili ya raia, ikatoa ripoti mwaka 1904, na ghafla mtoto mchanga wa mfanyakazi akawa suala la bunge. Huko Huddersfield, meya Benjamin Broadbent aliahidi pauni moja kwa kila mtoto atakayezaliwa mtaa wa Longwood katika kipindi chake cha umeya na kutimiza mwaka mmoja. Mwaka 1907 ikapitishwa sheria iliyotaka kila kizazi kiarifiwe kwa ofisa wa afya ndani ya saa 36, ili bibi afya afike mapema. Kwanza kila mji ulikuwa na hiari ya kuifuata. Mwaka 1915, katikati ya vita vingine, hiari hiyo ikafutwa. Mwaka 1918 halmashauri zikapewa mamlaka kamili ya kuendesha kliniki za mama na mtoto. Tazama tarehe hizo: karibu kila hatua kubwa ya dola ilipigwa vita vikiwa vimemalizika si miaka mingi au bado vinapiganwa.

Wenye mamlaka, hata hivyo, hawakusema wanahesabu askari. Walisema mama hajui kulea. Daktari George Newman, aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa afya nchini humo, aliandika kitabu kizima mwaka 1906 akidai kwamba vifo vya watoto wachanga ni suala la umama kuliko jambo lingine lolote. Madai hayo yalikuwa na faida moja kwa mlipa kodi, kwa kuwa mawaidha ni rahisi kuliko mabomba ya maji. Lakini ushahidi wa wakati uleule uliyapinga. Kundi la wanawake wa chama cha Fabian, akiwemo Maud Pember Reeves, lilitembelea familia za Lambeth, kusini mwa London, kuanzia mwaka 1909, na mwaka 1913 likachapisha hesabu za matumizi yao ya wiki. Akina mama wale walijua vizuri mtoto anahitaji nini. Walichokosa ni nafasi ya kukinunua kwa mshahara wa kama pauni moja kwa wiki, baada ya kodi ya chumba chenye unyevu na makaa ya moto. Halafu kuna kiangazi cha 1911. Mwaka 1910, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Uingereza, takriban 105 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka uliofuata, uliokuwa na joto kali, idadi ilipanda hadi 130, wengi wakiuawa na kuhara. Hakuna anayeweza kudai kwamba mama wa Kiingereza alipumbaa ghafla mwezi Julai na akili ikamrudia Oktoba. Kilichoongezeka ni nzi, kwenye miji iliyojaa samadi ya farasi na vyoo visivyovutwa maji, na maziwa yaliyochacha njiani kabla hayajafika dukani.

Hapa anaweza kusimama mtu na kusema: nia haina uzito, angalia matokeo. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa takriban 154 kwa 1,000 mwaka 1900, na mwaka 1920 vilikuwa 80. Watoto walipona, na kama jenerali alifurahi pia, na afurahi. Hoja hii ina nguvu, wala siikwepi. Shida yake ni kwamba katika miaka hiyohiyo maji yalisafishwa, vyoo vilibadilishwa, maziwa yakaanza kuchemshwa au kuuzwa yakiwa makavu ndani ya makopo, magari yakaanza kuondoa farasi barabarani, na familia zenyewe zikazaa watoto wachache zaidi. Kumpa bibi afya sifa yote ni kuwanyima mafundi bomba yao. Nadhani mchango wake ulikuwepo, hasa pale alipofika siku za mwanzo na kumsaidia mama asiachwe peke yake, au pale alipoandika kwenye daftari kwamba nyumba ina watoto watano na bomba moja la uani kwa kaya 12, kisha mtu akalisoma daftari lile. Na hapo ndipo nia inaporudi kwa mlango wa nyuma. Daftari husomwa na aliyeliagiza. Akitafuta mama mzembe, atamwona mama mzembe, na lile bomba la uani litabaki pale lilipo.

Mfano wa Kifaransa ndio uliovuka bahari kuja Afrika ya kati. Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Wajerumani mwaka 1871, na wanasiasa wake waliona kila kitanda kisicho na mtoto kuwa pengo kwenye jeshi. Daktari Pierre Budin alianza kuwapima watoto kila wiki kwenye hospitali ya Charité jijini Paris mwaka 1892. Miaka miwili baadaye Léon Dufour alifungua mjini Fécamp kituo cha kugawa maziwa salama alichokiita Tone la Maziwa. Wabelgiji walichukua jina na mtindo. Mwaka 1912 kiliundwa chama cha kulinda watoto weusi wa Kongo, na katika miaka ya 1920 vituo vya Tone la Maziwa vikaenea, baadhi vikiendeshwa na masista, vingine na makampuni. Hofu iliyovisukuma ilikuwa ya kupungua kwa watu: baada ya mateso ya kukusanya mpira chini ya Mfalme Leopold, malale na uhamishaji wa wafanyakazi, watawala waliogopa kwamba koloni litakosa mikono ya kazi. Walipotafuta mahali pa kuongezea mikono, macho yao yakaangukia muda wa kunyonyesha. Kwa jamii nyingi za Kongo, kama zilivyo jamii nyingi za Tanganyika zilizoogopa kubemenda mtoto, yaani kumdhuru kwa kukutana kimwili angali ananyonya, mume na mke walijizuia kukutana kwa muda mrefu baada ya kuzaa, na mtoto akanyonya hadi akaweza kusimama kwa miguu yake. Vizazi viliachana kwa miaka mitatu hivi. Leo wataalamu wa uzazi wa mpango wangeusifu mpango huo. Kwa ofisa wa Kibelgiji ulikuwa uzalishaji unaochelewa.

Katanga ndipo hesabu hiyo ilipoandikwa waziwazi kuliko popote. Kampuni ya shaba ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imezoea kuleta wanaume kutoka mbali, kuwatumia miezi kadhaa na kuwarudisha, wengi wakiwa wagonjwa na baadhi wasirudi kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili mpango: mikataba ya miaka mitatu, mke aje kambini, mtoto azaliwe kambini. Chini ya mpango huo, ambao daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa watetezi wake wakubwa, mama mjamzito aliandikishwa, mtoto akapimwa uzito kwa ratiba, na aliyeachishwa ziwa akalishwa kwenye kantini ya kampuni. Watoto wa kambi walinawiri, na si haki kulificha hilo. Lakini mama hakuwa na hiari kubwa katika jambo hilo, kwa sababu posho ya chakula ilitoka mkono uleule ulioshika mizani. Kampuni ililea wachimbaji wa kizazi kitakachofuata, na ilikuwa na hesabu za kuonyesha kwamba kumlea mmoja kambini ni nafuu kuliko kumtafuta mwingine kilomita mia kadhaa porini.

Sasa tuvuke Ziwa Tanganyika turudi nyumbani. Njia kati ya nchi hizi mbili si ngeni: Msiri, aliyetawala Katanga kutoka Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, alikuwa Msumbwa, mtu wa asili ya nchi hizi za kaskazini-magharibi mwa Tabora zinazopakana na Kahama ya leo, na wafuasi wake walifika huko kwa biashara ya shaba na pembe. Ardhi ya Segese, iliyoko leo katika Halmashauri ya Msalala, imelalia dhahabu kama Katanga ilivyolalia shaba. Mgodi wa Geita ulifunguliwa katika miaka ya 1930 na kuchimbwa hadi 1966, ukawa mkubwa kuliko yote ya dhahabu nchini wakati wa Waingereza. Mtu angetegemea kwamba mgodi mkubwa utazaa kliniki kubwa ya watoto, kama kule. Haikuwa hivyo, na sababu si kwamba Waingereza walikuwa na roho ngumu kuliko Wabelgiji. Mwajiri wa Tanganyika hakuhitaji kulea mfanyakazi, maana alimpata akiwa amekwisha kulelewa. Msukuma, Mnyamwezi na Msumbwa walitoka shambani kwao kutafuta fedha ya kodi, wengine wakaenda kuwa manamba kwenye mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, wengine wakaingia machimboni, kisha msimu wa mvua wakarudi kulima. Mshahara ulikadiriwa kwa mwanaume asiye na mke, kwa hoja kwamba mke na watoto wanakula mtama na uwele wa kijijini. Gharama ya kumzaa, kumnyonyesha na kumtibu mtoto ilibaki kwa mama yake, na mwajiri akapokea kijana wa miaka 18 bila kulipia hata siku moja ya utoto wake.

Tofauti hii ndiyo ushahidi wangu mkuu. Kongo na Tanganyika zilikuwa na magonjwa yaleyale, akina mama waliozaa kwa mila zinazofanana, na madaktari waliosoma vitabu vilevile. Kilichotofautiana ni aina ya kazi. Pale ambapo kampuni iliamua kukaa na mfanyakazi wake, mtoto alipimwa, hata kwa shuruti. Pale ambapo kampuni ilimkopa mfanyakazi kutoka kijijini, mtoto hakuwa sehemu ya vitabu vyake. Serikali ya Tanganyika nayo ilifuata mkondo huo. Kuanzia mwaka 1926 ilianza kufundisha madresa wa serikali za wenyeji, wanaume waliopelekwa vijijini kufunga vidonda na kuchoma sindano za buba. Ilikuwa kazi muhimu kwelikweli, lakini haikugusa uzazi, na hakuna mama wa Kisukuma ambaye angemwita dresa wa kiume wakati wa uchungu. Idara ya Kazi, ambayo ingeweza kuuliza habari za familia za wafanyakazi, ilianzishwa mwaka huohuo wa 1926 na kufutwa mwaka 1931 mdororo wa uchumi ulipobana.

Pengo hilo lilizibwa, pale lilipozibwa, na misheni. Mapadri Weupe walikuwa wamefungua misheni Ushirombo tangu 1891, na masista waliowafuata wakawa na zahanati na vyumba vya wazazi. Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, ikawa hospitali ya Africa Inland Mission. Serikali ilitoa ruzuku kidogo na kujipongeza kwa mengi. Huko Buganda, ambako mtindo wa misheni ulifika mbali zaidi, Albert Cook na mkewe Katharine, waliofungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, walianzisha shule ya wakunga iliyopewa jina la Lady Coryndon na kusambaza wahitimu wake kwenye vituo vya vijijini. Kazi yao iliokoa wengi. Lakini hata wao walibeba swali la mtu mwingine: kampeni nzima ilisukumwa na hofu ya kaswende iliyotangazwa na mganga wa jeshi, Kanali Lambkin, miaka ya 1907 na 1908, iliyodai kwamba sehemu kubwa sana ya Waganda wameambukizwa kwa sababu ya ulegevu wa maadili. Wanahistoria wa baadaye wameonyesha kwamba mengi kati ya yale yalikuwa buba na maradhi mengine ya ngozi yasiyotokana na zinaa. Nairobi nako, mwishoni mwa miaka ya 1920, mke wa gavana Edward Grigg alianzisha chama cha ustawi wa mama na mtoto ambacho nyumba yake ya wazazi ndiyo chimbuko la hospitali ya Pumwani. Ni mambo mema, yaliyotegemea mke wa gavana ana moyo gani na mume wake atahamishwa lini.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Wapo watakaosema kwamba historia ya namna hii inawageuza akina mama kuwa magogo yanayosukumwa huku na huku na makampuni, wakati wao walichagua. Na kweli walichagua. Sindano ya buba ilipofika Tanganyika, watu walitembea siku nzima kuifuata, kwa sababu vidonda vilikauka mbele ya macho yao, hakuna aliyewalazimisha. Mama aliyepewa maziwa kambini Katanga aliweza kuyachukua na bado akaendelea kunyonyesha. Mtu aliweza kuikubali sindano na kuukataa wimbo wa kuachisha ziwa. Lakini kuchagua kati ya vilivyoletwa mezani hakumpi mtu nafasi ya kuamua kiletwe nini. Mama wa Lambeth angechagua bomba la maji, mama wa Kahama angechagua mkunga mwenye ujuzi karibu na nyumbani, na hakuna aliyewauliza. Ujanja wao wa kutumia kilichopo unastahili heshima, ila haubadilishi ukweli kwamba kilichopo kilipangwa kwa haja ya mwingine.

Baada ya uhuru mwenye mizani alibadilika. Katikati ya miaka ya 1970 Tanzania ilianzisha huduma ya mama na mtoto ya nchi nzima, ikafundisha wasaidizi wanawake kwa mwaka mmoja na nusu, na kadi ya ukuaji iliyobuniwa na daktari David Morley huko Ilesha, Nigeria, ikawa mali ya kila kaya. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima wa Msalala alipimwa bila kujali kama baba yake ana mkataba na yeyote. Hilo ni badiliko kubwa kuliko jengo lolote la hospitali, na ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema kliniki ya leo ni mabaki ya ukoloni. Dola iliyomhesabu mtoto kwa sababu ni raia iliuliza swali pana zaidi kuliko kampuni. Hata hivyo ilirithi vipimo vilevile: uzito, chanjo, umri wa kuachishwa. Ni vipimo vilivyochaguliwa kwenye miji ya viwanda ya karne iliyopita, kwa magonjwa ya miji ile.

Ukanda wa dhahabu una swali lake. Uchimbaji mdogo uliotapakaa kutoka Kahama hadi Geita hauna mwajiri wa kumwita kwenye meza moja, si kama Union Minière wala kama Williamson aliyejenga mji mzima wa Mwadui juu ya almasi. Mwanamke anayesaga mawe au kuosha mchanga na mtoto mgongoni hayumo kwenye kitabu cha mishahara cha yeyote, wala jirani anayechoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye kikaango uani. Mwaka 2003 na 2004 mradi wa zebaki wa shirika la UNIDO uliwapima wakazi wa Rwamagasa, mkoani Geita, na kukuta wachomaji wengi wakiwa na dalili za sumu. Maziwa ya baadhi ya akina mama nayo yalipimwa, na zebaki ikaonekana ndani yake. Jibu la busara si kuwaambia waache kunyonyesha, kosa ambalo tumekwisha kuona asili yake huko Kongo. Ni kuhamisha uchomaji mbali na nyumba na kutumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unaitaka kila nchi yenye uchimbaji wa namna hii iwe na mpango wa kuwakinga hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kadi ya kliniki anayobeba mama wa Segese ina nafasi ya kilo, ya chanjo na ya vitamini A. Haina mstari unaouliza kama dhahabu inachomwa nyumbani, na kuongeza mstari huo hakuhitaji mashine wala mfadhili, kunahitaji tu Wizara ya Afya iamue kwamba jibu lake inalitaka.